Tangulia Ziwani Siku Tatu Kabla ya Wageni

Vibao vya namba za magari ya Minnesota vinasema jimbo hili lina maziwa 10,000. Hesabu halisi ya maziwa yenye ekari 10 na kuendelea ni 11,842. Kando ya mengi kati ya hayo zipo nyumba za mbao za mapumziko, wenyewe wanaziita kabini, ambazo Julai hujaa watu na Desemba hupigwa kufuli. Kwa familia ya Afrika Mashariki iliyotawanyika, mmoja Minneapolis, mwingine Texas, mwingine Toronto, na mama amepata viza kutoka Mwanza au Kisii, sioni mahali pazuri zaidi pa kukutania wiki ya Krismasi. Vyumba vipo, jiko ni kubwa, na hakuna jirani wa kugonga ukuta watoto wakipiga kelele.

Ila nyumba hii haifunguliwi kama nyumba ya likizo ya Bagamoyo, ambako unafungua madirisha, unafagia vumbi, na jioni mnalala. Huku kazi zina zamu, na ukizipindua utalipa fundi bomba kwa bei ya sikukuu. Joto kwanza, maji baadaye, wageni mwisho kabisa. Mmoja au wawili watangulie siku tatu nzima. Wasizihesabu siku hizo kuwa adhabu. Kwa maoni yangu ndizo sehemu bora ya likizo yote.

Joto

Nyumba iliyokaa wiki nyingi bila moto, nje kukiwa nyuzi 15 au 20 za Selsiasi chini ya sifuri, imepoa mpaka ndani ya vitu. Godoro la sponji limekuwa gumu kama ubao. Sahani kabatini zinauma mikono. Ukiwasha tanuru la gesi, baada ya muda wa saa nne themostati itakuambia nyuzi 20, na utadhani kazi imekwisha. Hiyo ni hewa tu. Kuta, sakafu, vyombo na magodoro bado vinanyonya joto, na vitaendelea kulinyonya kwa siku nzima au zaidi. Mzee aliyetoka kwenye joto la nyuzi 30 akikaa karibu na ukuta wa namna hiyo atasikia baridi hata kama kipimo kinasema kingine, na yeye ndiye atakayekuwa sahihi.

Kabla ya kuwasha chochote, zunguka nyumba ukiwa na chepe. Matanuru mengi ya kisasa hutolea moshi na kuvutia hewa kwa mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani karibu na ardhi. Theluji ikiyaziba, tanuru hujizima lenyewe, na kwa kawaida hujizima saa nane za usiku. Fukua nafasi ya mita moja kila upande. Halafu nenda kwenye tanki la propani, inua kifuniko, usome geji. Tanki la kawaida la galoni 500, yaani kama lita 1,900, hujazwa hadi asilimia 80 tu, kwa kuwa gesi iliyo katika hali ya majimaji hutanuka ikipata joto na lazima iachiwe nafasi. Geji ikisoma chini ya 30, muuzaji wa gesi alitakiwa kupigiwa wiki moja kabla. Krismasi malori yana foleni, na safari ya dharura inatozwa zaidi. Tanuru la BTU 80,000 (kipimo cha nguvu ya joto kwa saa) likiwaka mfululizo linakula karibu lita 3.3 kwa saa, na siku ya kwanza litawaka karibu mfululizo, kwa hiyo weka hesabu ya lita 80 kwa siku hiyo moja. Mfukulie pia mwenye lori njia ya kufika kwenye tanki. Asipoifikia ataondoka, na hana kosa.

Propani huchemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri. Kijiji cha Tower, kaskazini mwa jimbo, kiliwahi kupata nyuzi 51 chini ya sifuri, tarehe 2 Februari 1996, ambayo ndiyo rekodi ya Minnesota. Katika baridi ya namna hiyo propani hubaki majimaji ndani ya tanki na haipandi kuwa gesi. Ni usiku wa nadra sana, lakini ndiyo sababu mojawapo ya watu wa huko kutotegemea chanzo kimoja cha moto.

Pandisha joto kwa hatua: nyuzi 10 kwanza, ukae nazo mpaka kila chumba kifike, kisha 15, kisha 20. Faida yake ni kwamba utaona chumba gani kinabaki nyuma. Chumba kinachogoma kwenye nyuzi 6 wakati vingine viko 12 ndicho kitakachokugandishia bomba baadaye, na ni bora ukijue kabla maji hayajaingia. Weka kipimajoto cha bei rahisi ndani ya kabati la chini ya sinki la jikoni, hasa kama sinki liko kwenye ukuta wa nje, na milango ya kabati uiache wazi. Simamisha magodoro kwa ubavu ili hewa ipite pande zote mbili. Vuta droo. Fungua kabati za nguo.

Jaribu ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksidi, kwa sababu betri hufa kwenye baridi. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi kiwe ndani ya mita 3 kutoka kila chumba cha kulala. Na hapa tuseme wazi, kwa kuwa nyumbani tumezika watu kwa sababu hiyo hiyo: jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala kwenye gereji, wala kwenye veranda iliyofungwa vioo, hata kwa mishikaki ya dakika kumi.

Maji

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibika, na kosa lake ni haraka.

Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Watu hudhani bomba hupasuka pale barafu ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu inapokua inayasukuma maji yaliyobaki kuelekea koki iliyofungwa, mgandamizo unapanda, na bomba linachanika sehemu dhaifu katikati, pengine mita mbili kutoka kwenye barafu yenyewe. Ndiyo maana koki iliyoachwa idondoshe maji kidogo huokoa bomba hata kama maji yataganda: mgandamizo unapata pa kutokea. Na ndiyo maana ufa haujulikani mpaka barafu iyeyuke. Nyumba inaweza kuonekana salama jioni, na asubuhi dari ya chumba cha chini ikawa sakafuni.

Nyumba iliyofungwa vizuri Oktoba ilikaushwa: maji yalitolewa yote, mabomba yakapulizwa kwa kompresa, na dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda ikamiminwa kwenye mikunjo ya chini ya masinki, bafu na vyoo. Dawa hiyo hutengenezwa kwa propilini glaikoli, ambayo haina madhara makubwa. Ile ya rediweta ya gari, yenye ethilini glaikoli, ni sumu, na haifai kuwekwa kwenye mabomba ya nyumba hata kama rangi zinafanana.

Usirudishe maji kabla kipimajoto cha chini ya sinki hakijakaa juu ya nyuzi 10 kwa siku nzima. Ukifika hapo, fuata hivi. Hakikisha swichi ya hita ya maji imezimwa kwenye ubao wa umeme. Funga koki zote za kutolea maji zilizo chini kabisa ya mfumo. Huwa kuna mbili au tatu, na moja husahaulika nyuma ya mashine ya kufulia. Fungua nusu bomba la juu kabisa na lile la mbali kabisa, baridi na moto. Nyumba nyingi za ziwani zinatumia kisima kirefu chenye pampu chini na tanki la mgandamizo ndani ya nyumba. Tanki likiwa tupu, lipime upepo kwa geji ya matairi: kama swichi ya pampu ni ya kuwaka kwa psi 30 (psi ni kipimo cha mgandamizo) na kuzima kwa 50, upepo uwe psi 28, yaani pungufu ya 2 kuliko namba ya kuwakia. Upepo ukiwa mdogo, tanki hujaa maji tupu, na pampu huwaka na kuzima kila nusu dakika mpaka iungue. Kutoa pampu kisimani Januari si gharama ya kuchezea.

Washa pampu, kisha fungua koki kuu kwa robo tu. Mabomba yatakohoa na kutema hewa, yaache. Maji yakitoka bila kukatika, funga bomba moja moja ukianzia la karibu. Hita ya maji ijae kabisa kwanza: ukiona bomba la moto linatoa maji mfululizo bila hewa, ndipo uwashe swichi yake. Koili ya hita ikipata umeme bila maji kuizunguka huungua mara moja, na mtaoga kwa sufuria sikukuu nzima.

Kila kitu kikishajaa, funga mabomba yote na usiguse maji kwa nusu saa. Pampu ikiwaka yenyewe katika muda huo, kuna mahali panavuja. Chukua tochi upite chini ya kila sinki, nyuma ya choo, kwenye dari ya chumba cha chini, ukipapasa viungo kwa kidole kikavu. Usifungue maji kisha ukaenda dukani. Kaa nyumbani saa chache za kwanza, chemsha chai, sikiliza.

Bomba moja likikataa kutoa maji wakati mengine yanatoa, limeganda. Liache wazi, chukua mashine ya kukaushia nywele, anza upande wa koki ukirudi nyuma kuelekea penye barafu, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Tochi ya gesi usiguse. Kuta za mbao zimejazwa nyuzi na vumbi, na nyumba kadha wa kadha zimeungua kwa njia hiyo.

Maji machafu yanayotoka nyumbani nayo yana baridi yake ya kushughulikia. Kaskazini mwa Minnesota ardhi huganda kwa kina kiasi kwamba kanuni za ujenzi zinataka misingi ishuke inchi 60, yaani mita 1.5. Karo la choo liko ndani ya ardhi hiyo. Blanketi lake ni theluji, kwa hiyo usiifagie theluji iliyo juu ya karo, usiegeshe gari hapo, na watoto wasipafanye uwanja wa kuteleza. Theluji ikishindiliwa inapoteza hewa iliyomo, na hewa ndiyo inayozuia baridi. Adui mkubwa wa karo ni choo kinachovuja tone kwa tone. Maji mengi kwa mkupuo hufika karoni yakiwa na joto, lakini tone moja moja huganda njiani, tabaka juu ya tabaka, mpaka bomba linaziba. Wageni wakishafika, wagawie zamu za kuoga, wengine asubuhi, wengine jioni. Karo lililokuwa likihudumia sifuri kwa miezi haliwezi kupokea watu kumi ndani ya saa moja.

Kuni

Jiko la kuni ni akiba umeme ukikatika, maana tanuru la gesi nalo linahitaji umeme wa feni. Kuni zinunuliwe hapo hapo, zisitoke mjini. Tangu 2009 Minnesota inapambana na mdudu anayeua miti ya ash, naye husafiri ndani ya kuni za watu wa likizo. Birchi iliyopasuliwa hukauka kwa mwaka mmoja, mwaloni unataka miwili. Kuni nzuri ina unyevu chini ya asilimia 20. Vipande viwili vikigonganishwa vinalia kwa sauti kali, na vibichi vinatoa kishindo kizito tu. Kuni mbichi hujaza dohani lami ya moshi, na lami hiyo ndiyo inayokuja kushika moto.

Siku ya kwanza dohani limejaa hewa ya baridi, nzito, inayoshuka. Ukiwasha moto moja kwa moja, moshi wote utarudi sebuleni. Fungua kizuizi cha dohani, washa karatasi mbili za gazeti uzishike karibu na mdomo wa bomba mpaka uone moshi unavutwa juu. Ndipo upange: magogo makubwa chini, ya kati juu yake, vijiti na karatasi kileleni, uwashe kutoka juu. Majivu yatolewe kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko, ikae nje, mita 3 kutoka ukutani. Kaa moja ndani ya majivu linaweza kuishi siku tatu au nne.

Kusubiri

Ukifika hapa ni siku ya pili jioni na kazi kubwa imekwisha. Tarehe 21 Desemba mjini Duluth jua huchomoza yapata saa moja na dakika 50 asubuhi na kuzama yapata saa kumi na dakika 23 jioni. Ni mchana wa saa nane na nusu. Aliyezoea jua la saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili atachanganyikiwa siku za mwanzo: ataamka gizani, atasinzia saa kumi na moja jioni. Wanaoswali watakuta adhuhuri, alasiri na magharibi zimebanana ndani ya muda wa zaidi kidogo ya saa nne, na kibla ni kaskazini-mashariki. Weka taa zenye mwanga wa njano kwenye korido na njia ya choo, na kiti kimoja kwenye dirisha la kusini. Kiti hicho atakigombea kila mtu.

Theluji ikiwa imefunika kila kitu, sauti hupungua kabisa, na kelele itakayobaki ni ya ziwa. Barafu inapokazwa na baridi ya usiku hupasuka kwa mlio mrefu unaokimbia kutoka pwani hadi pwani, mara kama radi ya mbali, mara kama waya uliokatwa. Waambie wageni mapema. Mlio huo kwa kawaida unaonyesha barafu inakua na kujivuta, si kwamba inazama, na bibi asiyeambiwa hatalala.

Mama aliyekulia Mwanza atafurahi kujua kwamba ziwa lake ndilo la pili duniani kwa eneo katika maziwa ya maji yasiyo ya chumvi, na la kwanza, Superior, liko mlangoni mwa Duluth. Superior lina kina cha mita 406 na ni nadra kuganda lote; kina kinatunza joto na upepo unavunja barafu changa. Mille Lacs, ziwa jingine la Minnesota lenye kina kisichozidi mita 13 hivi, hushikwa mapema. Maji ni mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Vuli, yaani kabla ya majira ya baridi, maji ya juu yakipoa hadi hapo huzama, ya chini hupanda, mpaka ziwa zima lilingane. Baada ya hapo maji yanayoendelea kupoa ni mepesi, yanabaki juu, na usiku mmoja mtulivu yanaganda. Chini samaki wanaishi kwenye nyuzi 4, na hawana taarifa ya baridi yetu.

Sasa suala la kukanyaga hiyo barafu, ambalo wajukuu wataliuliza kabla hawajavua viatu. Idara ya maliasili ya Minnesota inatoa viwango hivi kwa barafu mpya, ngumu, inayong'aa: sentimita 10 kwa mtu anayetembea, 13 hadi 18 kwa pikipiki ya theluji, 23 hadi 25 kwa gari dogo, 33 kwa pikapu ya kati. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, ina nguvu nusu tu, kwa hiyo kila namba hapo izidishwe mara mbili. Na idara hiyo hiyo inasisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Kwa wiki ya Krismasi mimi nasema gari lisiteremke kabisa, awe ameshuka jirani au hajashuka. Barafu ya Desemba bado changa, na theluji iliyowahi kuifunika imeizuia kunenepa.

Mtu mzima mmoja aende mbele na mtaimbo, agonge kila hatua mbili. Mtaimbo ukitoboa kwa pigo moja, arudi kwa nyayo zake. Akiendelea, atoboe kwa keekee kila mita 45 na kupima kwa rula yenye kulabu, kwa sababu ziwa halilingani: penye chemchemi, penye mdomo wa mto, chini ya daraja, karibu na matete, na kando ya magati yenye mashine za kupuliza mapovu, barafu inaweza kuwa nusu ya ile iliyo hatua ishirini pembeni. Kila anayeshuka avae jaketi la kuokolea na kuning'iniza shingoni misumari miwili yenye mishikio. Akitumbukia, dakika ya kwanza kazi ni moja tu, kutuliza pumzi, maana mwili unahema wenyewe na ndipo watu wanapomeza maji. Baada ya hapo ana kama dakika kumi za mikono inayotii. Ageukie alikotoka, ambako barafu ilikuwa inambeba, apige miguu kama anayeogelea, achome misumari ajivute, na akishatoka asisimame, abiringike. Aliye nje asimkimbilie. Alale kifudifudi, arushe kamba, na mwingine apige 911, namba ya dharura.

Kuhusu nguo: fulana ya pamba ibaki sandukuni, kwa kuwa pamba hushika jasho na kumpoza mtu. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu au poliesta. Buti ziwe kubwa kwa namba moja, maana soksi mbili kwenye kiatu kinachobana zinazuia damu na miguu inaganda haraka kuliko kwa soksi moja. Baridi ikijumlishwa na upepo ikafika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuungua kwa baridi ndani ya dakika 30. Maelezo mengi ya dalili yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu usisubiri wekundu: tafuta rangi ya kijivu kama majivu, ganzi, na ugumu ukibonyeza. Usisugue wala usimkalishe mtu karibu na jiko. Tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, na ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, mpeleke hospitali. Ndani ya nyumba hewa ni kavu. Unyevu wa asilimia 30 hadi 40 unatosha, na nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri ushushe zaidi, la sivyo madirisha yatalia maji. Mafuta ya nazi yataganda chupani, kwani huganda chini ya nyuzi 24, basi nunua yale ya mgando ya kawaida kwa ajili ya midomo na pua za watoto.

Chakula kinunuliwe mjini. Duka la kijiji cha ziwani halina iliki nzima, halina unga wa ugali, na mkesha wa Krismasi linafunga mapema. Ndizi mbichi zisafiri ndani ya gari, miguuni pa abiria, kwa kuwa chini ya nyuzi 13 huungua na baridi na kugeuka nyeusi. Soda zikiachwa kwenye buti la gari zitapasuka usiku huo huo. Mguu wa mbuzi wa kilo 4 ulioganda unahitaji siku mbili kuyeyuka ndani ya friji, hivyo utolewe siku ile unayofungua maji. Unga wa chapati uliokaa safari nzima ndani ya gari la baridi hunywa maji vibaya. Uache ndani usiku mmoja, kisha ukande kwa maji ya vuguvugu, na donge lifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu kwa sababu hewa kavu hulitia ganda ndani ya dakika chache. Ukipata walleye, samaki rasmi wa jimbo, mpike kwa tui. Nyama yake nyeupe ni laini kuliko ya sangara, na dakika nane kwenye tui linalochemka taratibu zinamtosha.

Limebaki suala la barabara. Betri ya gari kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, hivyo wanaokuja wabebe waya za kuwashia gari kwa betri ya gari jingine, pamoja na blanketi, chepe na mchanga, wajaze tanki angalau nusu, na waangalie hali ya barabara kwenye 511mn.org kabla ya kutoka. Wakikwama, wasiliache gari. Wawashe injini dakika kumi kila saa, baada ya kuhakikisha bomba la moshi halijafunikwa na theluji. Ramani ya simu isiaminiwe baada ya kutoka barabara kuu, kwani huwa inachagua njia fupi ambazo kata haizikwangui theluji msimu mzima. Nyumba za vijijini zina namba ya zimamoto kwenye kibao kidogo kando ya barabara, na greda ya theluji huwa inakifukia. Siku ya tatu mchana, toka na chepe ukakifukue mpaka namba isomeke kutoka pande zote mbili, kisha umtumie dereva namba hiyo pamoja na jina la barabara, na uibandike pia karibu na mlango, kwa sababu ndiyo atakayoulizwa mtu yeyote atakayepiga 911 kutoka humo ndani.